Kikombe cha Maharage

Jembe aliloliegemeza Shangazi Tumpe kando ya mlango asubuhi ile halikuchaguliwa kwa bahati mbaya. Ghalani yalikuwapo majembe mengine, mepesi, yaliyokwisha kulainishwa na viganja vya watu. Shangazi aliyapita yote akaenda kulitoa la kung'olea visiki, lenye mpini uliomfika Ferista mabegani, akalifuta vumbi kwa upindo wa kanga yake na kulisimamisha mahali ambapo mgeni hawezi kuingia bila kuliona.

"Shangazi, hilo ni la visiki," Ferista alisema.

"Nalijua. Nimezaliwa humu, nimelikuta humu."

"Mwekee jingine basi."

"Mwanamume hachagui jembe ukweni, mwanangu. Analikuta, analishika, analima. Akishindwa anarudi kwao Ndalambo na magongo yake, na sisi tunamwita Efraimu."

Efraimu alikuwa karani wa chama cha kahawa, mwenye baiskeli na miguu mizima. Shangazi aliisifu miguu hiyo mara nyingi hata mtu angedhani ndiyo iliyoleta posa.

"Efraimu simtaki," Ferista alisema.

"Hujaulizwa."

"Ndiyo maana nasema kabla sijaulizwa."

Shangazi alimtazama mtoto wa kaka yake kutoka kichwani hadi miguuni, akatikisa kichwa, akaenda kukagua ngwe. Hicho ndicho kilichokuwa kipimo cha nyumba ile ya Mzee Osea, baba wa Ferista, juu huko kwenye miteremko ya Mbozi, na cha babu yake kabla yake. Aliyetaka binti alikatiwa ngwe nyuma ya jiko, kati ya migomba na kahawa, akailima peke yake huku wenyeji wanamtazama. Akikubaliwa, mzee alitoa neno, na mama mkwe akaipanda maharage siku hiyohiyo. Akikataliwa, ngwe iliachwa ilivyo, magugu yakaota, na kila aliyepita njiani akaipata habari bila kuambiwa.

Ferista alikuwa ameapa moyoni kwamba magugu hayataota. Ila alilijua lile jembe, na aliujua mgongo wa Kasiani, huyo mposaji, kuliko mtu yeyote pale nyumbani. Akaogopa.

Tusidanganyane. Mapenzi ya wawili hawa yalianza kwa uongo, na uongo wenyewe ulikuwa wa Ferista.

Kasiani alikuwa kijana wa Kinamwanga aliyefanya kazi kwa mzungu mmoja mtafiti wa simu ya upepo, kwenye kilima kilicho juu ya Nanyala. Mzungu huyo alisimamisha nguzo za mikaratusi, akatandaza nyaya kutoka nguzo hadi nguzo, mara kuelekea kaskazini, mara magharibi, ili ajue zikielekea wapi ndipo zinaponasa vizuri zaidi sauti za mbali. Mpandaji alikuwa Kasiani. Alipanda kama mtu anayekwenda chumbani kwake, akiimba. Siku nguzo ilipokatika alikuwa kileleni, waya mkononi, na alipofika chini uti wa mgongo ulikuwa umeumia vibaya.

Hakufa, na hakupooza kabisa. Mapaja yalibaki na nguvu kidogo, ya kumwezesha kujikokota kwa magongo. Lakini kuanzia magotini kwenda chini hakuhisi kitu. Ungeweza kumchoma sindano asijue. Na miguu hiyohiyo isiyoijua sindano ilikuwa ikiungua moto, usiku na mchana, kana kwamba ameitumbukiza kwenye makaa.

Watu walisema anadanganya. Wengine wakasema amerogwa. Aliyemwamini alikuwa Mama Daktari Pelham, mwanamke mrefu mwenye kofia ya majani, aliyetoka Uingereza kuja hospitali ya misheni kutafiti jambo hilohilo: kwa nini walioumia uti wa mgongo huumwa mahali wasipohisi. Na kwa kuwa maumivu hayana mizani, alibuni yake. Kila asubuhi mgonjwa aliletewa ndoo ya maharage mekundu na kikombe cha bati, akachota kadiri anavyoumwa. Kisha akaeleza, si kwa Kiswahili, bali kwa lugha aliyonyonya nayo. "Mtu huungua kwa lugha ya mama yake," Mama Daktari alikuwa akisema.

Hapo ndipo alipohitajika Ferista. Kiingereza alikipata kwa masista wa shule. Kinamwanga alikipata kwa mama yake, Nesta, aliyeolewa kutoka Tunduma. Kila asubuhi msichana mwenye afya zake alisimama kando ya kitanda cha Kasiani akasema kwa kinywa chake: naungua, sikulala, leo kuna mtu ananikanyaga nyayo kwa viatu vya misumari. Ukiyasema maumivu ya mtu miezi na miezi, moyo nao unajifunza njia ya kwenda kwake. Wa Ferista ulijifunza haraka.

Siku moja Mama Daktari alitambua kwamba asubuhi nyingine kikombe cha Kasiani hakifiki nusu. Akauliza kuna nini siku hizo.

Kasiani hakumtazama Mama Daktari. Alimtazama mkalimani, na macho yale yalikuwa na utulivu wa mtu aliyekwisha kuanguka kutoka juu na haogopi tena.

"Mwambie maharage hupungua ukiingia wewe," alisema kwa Kinamwanga. "Ukienda kwenu, kikombe kinajaa."

Masikio ya Ferista yalipata moto. Ulimi wake, ambao haukuwahi kumkosea mgonjwa hata neno, ukatafuta pa kujificha.

"Anasema ni mawingu," alimwambia Mama Daktari kwa Kiingereza. "Mvua ikikaribia anapata nafuu."

Mama Daktari alifurahi sana. Kesho yake aliweka uani chombo cha kupimia mvua. Tangu hapo hakupita kitanda cha Kasiani bila kwanza kuchungulia mbingu dirishani.

Na Kasiani, aliyekuwa amefanya kazi na mzungu na kuokota Kiingereza cha kutosha kuelewa neno mvua, alicheka hadi kitanda kikatingishika. "Kwa hiyo mimi napendwa na mawingu?" alimuuliza Ferista walipobaki wawili. "Na wewe je? Huna lako la kusema?" Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Ferista alilisema lake jioni ileile, na tangu jioni ile hawakuachana.

Sasa gari la misheni lilikuwa likipanda mteremko, likiunguruma, na Ferista aliyajua magongo yale kabla hayajashushwa.

Kasiani alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na wauguzi. Kando yake alikuwapo mshenga, Mzee Sadoki, jirani aliyekubali kuisemea posa hii baada ya wengine wawili kukataa. Mama Daktari Pelham alikuwa dereva, akapewa kigoda nje, chini ya upenu, akakaa na kofia yake akiangalia mbingu. Ilikuwa Machi ya mwaka 1953. Udongo ulikuwa umelegea kwa mvua za wiki nzima, lakini siku ile mbingu zilikuwa nyeupe, hazina wingu.

Ndani, Mzee Osea aliweka sheria yake mapema. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, mwenye shamba la kahawa ambalo hakuna aliyewahi kuliona na gugu.

"Hapa tutasema Kinyiha," alisema. "Kiswahili ni cha sokoni na cha bomani. Binti yangu haombwi kwa lugha ya kununulia chumvi."

"Kijana hajui Kinyiha, mzee," alisema Sadoki. "Na mimi Kinamwanga sikijui."

Mtu wa kutafsiri alikuwapo, naye ni Mama Nesta. Lakini mama wa binti haoni uso wa mwanamume anayeposa, wala hazungumzi naye, na yeye alikuwa ameketi chumba cha ndani, nyuma ya jamvi lililotundikwa mlangoni. Akabaki mmoja tu. Kwa desturi, binti anayeposwa hukaa kimya mpaka aulizwe.

Mzee Osea alimtazama bintiye. "Utatafsiri wewe. Utasema ya kwake na ya kwetu. Ya kwako utayaweka."

"Nimesikia, baba," Ferista alisema. Hakusema amekubali.

Mshenga alisema yake vizuri, akataja ukoo, akataja heshima. Shangazi Tumpe alimwacha amalize. Kisha akachomoa sindano ya kushonea iliyokuwa imechomekwa kwenye ukingo wa gauni lake, akainama mbele ya mgeni, na kabla mtu hajajua anafanya nini akaichomeka kwenye unyayo wa Kasiani.

Kasiani hakutikisika. Alikuwa akimtazama Mzee Osea, akisubiri swali, na mguu wake haukumpa habari. Aliinamisha macho alipoona wenzake wote wameinamisha ya kwao, akaiona sindano imesimama mguuni na tone la damu limeanza kutoka.

"Mnaona wenyewe," Shangazi alisema, akaichomoa. "Mguu umekufa. Halafu huyuhuyu huambia watu kwamba unamuuma. Tangu lini maiti akalalamika? Ama ni mwongo, ama amerogwa. Mtafsirie, Ferista. Muulize katika hayo mawili sisi tunamwozesha binti yetu kwa lipi."

Ferista alikasirika, lakini alitafsiri. Ilimpasa. Aliona maneno yakimwingia Kasiani, na pale sindano iliposhindwa, yale yakafaulu.

Kasiani alilitazama jembe la visiki mlangoni, akautazama mpini wake kutoka chini hadi juu. Kisha akasema kwa Kinamwanga, polepole, sauti ya mtu anayeshusha mzigo kwa uangalifu ili usivunje kitu.

"Mwambie baba yako hivi. Nilikuja kwa sababu moyo ulinituma. Shangazi yako ni mkali, ila jembe lile limesema kweli kuliko mshenga wangu. Moto huu hautazimika. Mama Daktari mwenyewe hajui kama utazimika. Binti yake ni kijana, na wenye miguu wapo. Mwambie namrudishia neno langu. Wanisamehe kwa kuwasumbua, mukwai," alimalizia kwa neno la heshima la kwao.

Nyuma ya jamvi kulisikika mtu akivuta pumzi. Mama Nesta alikuwa ameelewa.

"Anasema nini?" Shangazi aliuliza.

Ferista alisimama katikati ya chumba. Kule hospitali, alipoogopa neno, alilifunika kwa mvua. Na sasa angeweza. Nani angejua? Angesema, anaomba aonyeshwe ngwe. Angesema chochote. Alikuwa amemkasirikia mwanamume yule kuliko alivyowahi kumkasirikia mtu, na alimpenda palepale, katikati ya hasira.

Hakulifunika. Alilitafsiri lote kwa Kinyiha safi: moyo ulionituma, moto usiozimika, wenye miguu wapo, namrudishia neno langu.

"Basi yamekwisha," Shangazi alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilikuwa na upole. "Kijana ana akili kuliko nilivyodhani. Wanywe chai waende."

"Hayajaisha," Ferista alisema. "Hayo yalikuwa ya kwake."

"Binti," baba yake alisema. "Ya kwako nilikuambia uyaweke."

"Uliniambia, baba. Nimeshindwa kuyaweka."

Akamgeukia Kasiani, akasema naye Kinamwanga mbele ya wazee wote, akimtazama usoni kama binti anayeposwa asivyopaswa kutazama.

"Kasiani, maneno yako nimeyabeba mangapi? Moto wako wote umepita kinywani mwangu. Haya ya leo nimeyafikisha kwa sababu ndiyo kazi yangu. Lakini siyapokei."

"Ferista, wanatutazama."

"Waache watazame, ndicho kilichowaleta. Neno lako umelirudisha, sawa. La kwangu umemrudishia nani?"

"Utachoka na mimi. Umeniona usiku ninavyokuwa. Nauma blanketi. Nafukuza watu. Utachoka."

"Basi nitachoka nikiwa kwako. Nani kakuambia kwa Efraimu sitachoka? Kule nitachoka na sina hata ninayempenda."

Kasiani aligeuka tena kulitazama jembe mlangoni.

"Jembe ni refu," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Mimi siwezi kusimama nalo."

"Mpini ni mti tu."

Alimtazama. Ferista aliiona machoni mwake namna ya mtu anayepima nguzo kabla ya kuipanda.

"Wanasemaje?" Shangazi Tumpe aliuliza, akigeuka huku na huku. "Mama Ferista, wewe unaisikia lugha yenu. Wanasema nini hawa?"

Nyuma ya jamvi sauti ya Mama Nesta ilitoka shwari kabisa.

"Wanazungumzia mpini, wifi."

Kasiani aliyashika magongo yake akajiinua. Hakumtazama mkalimani, hakumtazama mshenga. Alimtazama Mzee Osea, akasema naye moja kwa moja, kwa Kiswahili, lugha ileile ya kununulia chumvi.

"Mzee, naomba panga."

"Panga la nini?" Mzee Osea aliuliza, naye kwa Kiswahili, kabla hajakumbuka sheria yake.

Panga lilikuwa limechomekwa darini juu ya mlango. Kasiani alilichomoa akipita, akalichomeka kiunoni, na kwa gongo moja tu akalikokota jembe hadi uani, akashuka magotini, na kuulaza mpini juu ya gogo la kupasulia kuni. Akakata. Mpini ulikuwa mgumu, na vipande vya mti viliruka hadi kwenye gauni la Mama Daktari.

"Analikata jembe la marehemu baba!" Shangazi alipiga kelele kwa Kiswahili, ili mgeni asikie.

"Litalima, mama," Kasiani alisema bila kuinua kichwa. "Marehemu alikuwa mrefu. Mimi nimefupishwa."

Mpini ulianguka. Alichukua gunia tupu lililokuwa likianikwa kwenye ua, akalitandika mwanzoni mwa ngwe, akaketi juu yake, miguu yake isiyohisi ameinyoosha mbele, akainua jembe lililobaki fupi na kulipiga ardhini.

Alilima hivyo. Alichimba mbele yake, akavuta udongo kwa mikono miwili kuupandisha tuta, kisha akajiinua kwa viganja, akalivuta gunia nyuma kidogo, akaketi tena. Majirani walianza kujitokeza kwenye kahawa, mmoja mmoja, wakijifanya wanatafuta mbuzi. Mwanzoni walicheka. Baadaye wakaacha.

Ferista alisimama ukingoni. Ngwe hulimwa na mtu mmoja, na angetia mkono wake hata kwa bonge moja la udongo, Shangazi angekuwa wa kwanza kusema haihesabiki. Kwa hiyo alisimama, akayakaza macho. Alimjua. Paja la kulia lilipoanza kurukaruka lenyewe alijua moto umepanda. Shingo ilipotoka jasho la baridi alijua umefika kiunoni. Mara mbili Kasiani aliinamisha paji lake la uso kwenye mpini akabaki hivyo. Kila mara aliinuka.

Mama Daktari alikuja akamshika Ferista mkono. "Mwambie aache. Anajiumiza."

"Siwezi kumwambia hivyo."

"Wewe ni mkalimani wake."

"Leo mimi ni mchumba wake," Ferista alisema. "Mwache alime, Mama Daktari."

Jua lilikuwa limekwisha kuinama upande wa Tunduma Kasiani alipolipiga jembe mara ya mwisho chini ya mgomba. Matuta yalikuwa yamepindapinda. Viganja vyake vilikuwa vimechunika. Mzee Osea, aliyekuwa amesimama na mikono nyuma tangu mwanzo, alipita kando ya ngwe yote, akainama mahali fulani, akauponda udongo kati ya vidole, akasimama tena. Shangazi Tumpe ndiye aliyesema.

"Amemaliza, sikatai. Lakini mke haolewi kwa siku moja. Kesho ataamka? Anaumwa au haumwi, mbona hatujaambiwa?"

Mama Daktari hakuelewa Kinyiha, lakini swali la namna hiyo alilijua kwa sura ya muulizaji. Alikwenda garini akarudi na kikombe cha bati na mfuko wa maharage, vitu asivyosafiri bila kuwa navyo, akaviweka mbele ya Kasiani kama alivyoviweka kila asubuhi.

Kasiani alichota. Akajaza mpaka ukingoni, akaongeza, akaongeza tena, maharage yakawa kichuguu, punje zikaanza kuporomoka pembeni na kudondoka kwenye udongo. Hakuwa amewahi kukijaza hivyo, hata wiki alipoletwa hospitali.

Mama Daktari alitazama juu. "Hakuna wingu tangu asubuhi," alisema. "Ndiyo sababu."

Ferista hakuweza kuuficha tena uongo wake wa zamani. Akautoa.

"Mama Daktari, hapakuwahi kuwa na mvua. Siku ile hakusema mawingu. Alisema ni mimi. Nikiingia mimi, maharage hupungua. Niliona haya nikakudanganya."

Yule mama alivua kofia yake. Alimtazama Ferista, akamtazama Kasiani. "Miezi yote hii nimekuwa nikipima mvua?"

"Ndiyo. Nisamehe."

"Sitakusamehe leo," Mama Daktari alisema, na kweli alikuwa amekasirika. Lakini alikuwa mtafiti, na swali lilimshinda nguvu. "Basi leo upo hapa, umesimama mbele yake mchana kutwa. Na kikombe kimefurika. Muulize kwa nini."

Lilikuwa swali zuri, na Ferista aliliogopa. Alimfikishia Kasiani kwa Kinamwanga, akasubiri, kama alivyosubiri asubuhi nyingi kando ya kile kitanda.

Kasiani aliifuta mikono yake kwenye shati lililokuwa jeupe.

"Mwambie hivi," alisema. "Ferista haondoi moto. Hakuna mtu anayeuondoa. Akiwapo ninapata nguvu ya kuubeba, na siku nyingine ukiubeba vizuri unapungua. Leo haukupungua. Leo umefurika, kama anavyouona. Na sijaondoka. Wala siondoki tena, hata wanichome sindano mwili mzima."

Ferista aliyasema kwa Kiingereza. Kisha, bila kuulizwa na mtu, akamgeukia baba yake akayasema yote upya kwa Kinyiha, kwa sauti ya kufika kwa majirani kwenye kahawa. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta. Hakuruka hata neno moja. Lile la sindano alilisema akimtazama Shangazi.

Wote walikuwa wakisubiri neno la Mzee Osea, neno lile la kuamuru kupanda. Halikuja.

Kilichokuja ni Mama Nesta. Alitoka kwa mlango wa jiko, kanga imemfunika kichwa na uso, akitembea kinyumenyume ili asimwone mwanamume anayemposa bintiye. Alifika ngweni hivyo, mgongo wake kwa Kasiani, akanyoosha mkono nyuma. Ferista alielewa, akakitia kikombe mkononi mwake. Mama Nesta akaanza tuta la kwanza. Alitoboa kwa kidole, akatia punje, akafukia kwa kisigino.

"Wifi!" Shangazi alisema. "Kaka hajatoa neno. Kaka, mkeo anapanda, na hujatoa neno."

"Mama Ferista," Mzee Osea aliita. "Nani kakutuma?"

Alijibu bila kugeuka. Na alijibu kwa Kinamwanga, lugha ambayo tangu aletwe nyumba ile hakuwahi kumjibu nayo mumewe, kwa kuwa hakuna aliyeona haja ya kuijua. Alisema kwa kirefu, akipanda, tuta moja likaisha akaingia jingine, na Kasiani, aliyekuwa chini kwenye gunia lake, alijifunika macho kwa mkono.

Mzee Osea alisikiliza mpaka mwisho. Kisha, mtu mzima na mvi zake, akalazimika kumgeukia bintiye.

"Mama yako anasema nini?"

Ferista akatafsiri.

"Anasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yeye cha ugenini amekilalia miaka yote hii na hukumsikia akilia. Anasema kilio cha huyu kijana amekisikia kwa lugha aliyozaliwa nayo, na anajua si cha uongo. Anasema maharage yanakwenda ardhini leo." Akasita, kisha akamalizia, kwa sababu ndiyo kazi yake. "Anasema kama huyataki, baba, shuka uyafukue mwenyewe."

Mzee Osea alishuka ngweni. Alitembea polepole juu ya yale matuta yaliyopinda, akielekea mahali alipoinama mkewe, na Ferista alisogea akasimama mbele ya Kasiani, kana kwamba mwili wake ungezuia kitu. Mkono uliochunika ulimshika kifundo cha mguu kutoka nyuma, ukabaki pale.

Mzee alifika. Aliangalia chini. Nyuma ya kisigino cha Mama Nesta punje moja nyekundu ilikuwa imebaki juu ya udongo, wazi.

"Hii umeisahau," alisema kwa Kiswahili, na akaifukia kwa kidole cha mguu wake.